Usiniagizie Unga, Nyambura

Nyambura,

Umeenda Westlands kuwaaga wasichana mliosoma nao uuguzi, na baba yako yuko kwa jirani anaulizia tena gari la kesho, ingawa ameshahakikishiwa tangu juzi. Nyumba ni yangu peke yangu kwa muda. Nisipoandika sasa sitaandika tena, kwa sababu kesho kutakuwa na watu, na chai, na maombi, na picha za kupigwa pale mbele ya geti, nami nitakuambia Mungu akutangulie kama mama yeyote, na ninachotaka kukuambia kitanibaki kooni.

Habari za sweta, za pasipoti na za kutoacha mkoba wako na mtu usiyemjua tumeshazimaliza. Shangazi yako amezirudia mpaka ukamwambia kwamba sasa unaweza kumwimbia zote. Mimi nataka tuzungumze juu ya Jumapili.

Jumapili tukiwa mezani ulisema, na ulikuwa na furaha, "Mami, hutabeba mifuko tena. Nikifika Uingereza tu, nafungua akaunti. Kila mwisho wa mwezi unaletewa unga, mchele, sukari, mpaka jikoni. Kazi yako ni kufungua geti." Baba yako akainamia sahani yake. Mimi niliinuka nikaenda kusimama karibu na jiko, nawe ukadhani ni goti, ukanifuata na ile dawa ya kuchua. Nikakuacha unichue. Goti halikuwa na shida siku hiyo.

Nakuomba usifanye hivyo. Ningeweza kuishia hapa, lakini nakujua. Utasema mama anapenda kujitesa, utaniagizia tu, na vitu vikifika nitavipokea na kushukuru, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Kwa hiyo inabidi nikueleze, hata yale ambayo ulikuwa shule ya bweni yalipotokea, na yale niliyokuficha.

Unakumbuka Jumamosi za mwisho wa mwezi, nilipokuwa bado nafanya kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno kule Muthangari? Nikitoka mchana nawakuta nje ya geti la kliniki, wewe na kaka yako Kamau, mmevaa viatu vya kanisani, tunatembea mpaka supamaketi ya Westlands. Kamau ndiye aliyesukuma troli. Wewe ulishika ukingo wake na kutuamuru tupite wapi. Nilikuwa nalalamika sana siku hizo. Foleni ilikuwa ndefu, keshia anaishiwa na karatasi kwenye mashine, mtu wa mbele amesahau kupimisha viazi na inabidi arudi navyo kule ndani huku sisi tukimngojea. Nilidhani muda ule unapotea bure.

Sasa ninapokaa na kukumbuka, naona kwamba karibu kila jambo zito mlilowahi kuniambia mliniambia katika foleni ile. Nyumbani nikiuliza shule ikoje, mnasema poa. Labda pale kwenye foleni ilikuwa rahisi kwa sababu hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Sote tunatazama mgongo wa mtu tusiyemjua, na mikono ina kazi. Kamau aliniambia, huku akipanga miche ya sabuni juu ya kaunta, kwamba aliyevunja dirisha la kanisa ni yeye, si mtoto wa mchungaji aliyechapwa. Wewe nawe siku moja uliweka pakiti ya pedi katikati ya mkate na majani ya chai, ukaifunika na gazeti, hukusema neno. Nikaongeza pakiti ya pili. Tulipofika nje ndipo uliponiuliza kama inauma sana.

Kamau alipokwenda Amerika kusoma, mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa. Kadi ya simu ilikuwa inakatika katikati ya neno, ananunua nyingine, anaendelea palepale alipoachia. Kisha akagundua kampuni ile. Ukiwa huko kwenye kompyuta unachagua unga na mafuta ya kupikia, unalipa, na mtu wa hapa Nairobi anaingia supamaketi kwa niaba yako, anawapelekea watu wako. Wakati huo hakuna aliyekuwa ameona jambo kama hilo hapa Uthiru. Pikapu iliposimama getini na dereva akaanza kushusha katoni, majirani walitoka nje wakajifanya wanaanika nguo.

Dereva alikuwa mtu mzima kutoka Siaya. Baadaye tulimzoea tukawa tunamwita Baba Achieng. Nilitia sahihi, nikamkaribisha chai, nikamuuliza, "Umemwacha aje?"

"Nani, mama?"

"Kamau."

Akanitazama kwa huruma. "Mama, huyo mimi simjui. Hii kitu ameagiza na kompyuta. Mimi napewa karatasi, natoa kwa rafu, naleta."

Nilijua hivyo, Nyambura. Si kwamba sikujua. Lakini wewe umelelewa hapa na unajua kwamba mgeni akikuletea kiondo chenye sukari na unga, humrudishii kitupu. Ukishatoa vitu vyake unaweka ndizi, au viazi vitamu, hata kama ni maharagwe ya kufunika chini tu, ili ajue kwamba amepokewa na kwamba arudi tena. Mama yangu angeona heri kukopa mayai kwa jirani kuliko kurudisha kiondo kitupu. Sasa hapa kuna katoni imetoka kwa mwanangu, imekwisha kumwagwa mezani, na mtu anataka kuondoka nayo hivyo hivyo. Nilishindwa. Nikashuka shambani kwetu kule bondeni nikang'oa nduma, nikajaza katoni, nikamkabidhi.

Baba Achieng akazitazama. "Sasa mama, hizi nduma nimfikishie Amerika na nini? Na hii pikapu?"

Baba yako alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia azipeleke pale pikapu inapofika. Basi zikaenda kwa watoto wa Baba Achieng, na mwezi uliofuata akaja na ujumbe kwamba watoto wamesema asante kwa Kamau. Tukaendelea hivyo kwa miezi mingi. Naye Kamau nilimweleza kwenye simu, akacheka sana, akauliza kama watoto hao wananenepa. Kila katoni ilirudi na kitu, na kila kitu kilichorudi kilitupa la kusema.

Kisha tukajenga zile nyumba za kupangisha kule bondeni, nduma zikaisha. Nikaanza kumwacha Baba Achieng aondoke na katoni tupu. Kwanza niliona aibu, halafu nikazoea.

Na hapo ndipo nilipomwambia kaka yako maneno ambayo mpaka leo nayasikia nikiosha vyombo. Kadi yake ilikuwa imekatika, akapiga tena, nami nikamwonea huruma. Nikamwambia, "Kamau, acha kumaliza pesa kwa kadi. Mzigo ukifika, mimi najua uko sawa." Akasema, "Sawa, mami." Nilidhani nimempunguzia mzigo. Simu zikawa za mara moja kwa mwezi, kisha za Krismasi na Pasaka. Pikapu haikukosa hata mara moja.

Mimi nami niliacha kwenda supamaketi. Kwa nini niende? Goti lilikuwa limeanza, na vitu vinakuja mpaka jikoni. Wanawake wa chama walikuwa wakifika hapa wananiambia, "Mama Kamau, wewe siku hizi unakula kwa waya," nami nafungua kabati ili waone vizuri zaidi. Niliringa. Nakuandikia neno hilo kwa sababu ndilo lenyewe.

Kuna jambo jingine sikuliona, na lilikuwa mezani kwangu. Mwanzoni Kamau alikuwa anachagua. Majani yalikuwa yale ninayoyapenda, kuna peremende za baba yako, kuna mafuta ya kujipaka kwa sababu aliwahi kuniona miguu imepasuka. Baadaye zikaanza kuja katoni zilizofungwa tayari, zile ambazo kampuni inaziuza kwa ukubwa, kubwa, ya kati au ndogo, na kila mwezi ndani ni vilevile. Peremende hazikuwemo tena. Baba yako alisema siku moja, "Huyu sasa anatulisha kama wafungwa," nikamkaripia kwamba hana shukrani. Laiti ningekuwa nimesimama na Kamau mahali fulani, hata kwa dakika chache, anapanga vitu juu ya kaunta, ningeona mikono yake imechoka. Lakini nilikuwa naona unga tu, na unga haukuwa na kasoro.

Sasa nakueleza siku ya mchele. Hii huijui.

Alipiga simu katikati ya wiki, mchana, saa ambayo huko kwao ni usiku. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia. Akasema, "Mami, uko na nafasi?"

Nikamwambia, "Ninayo, na umepiga vizuri. Huu mchele wa safari hii ni wa kuvunjika, ukiupika unakuwa uji. Waambie wabadilishe."

Akanyamaza. Nilisikia anavyopumua. Akaanza, "Mami," nikasema naam, akanyamaza tena. Kisha akasema, "Sawa. Nitawaambia." Akamuulizia baba yako, nikamwambia ametoka, akasema nimsalimie. Simu ikaisha. Mwezi uliofuata ukaja mchele mrefu, mzuri, wenye harufu. Nilimwonyesha Baba Achieng, nikamwambia ona, mtoto wangu ananisikia.

Sijasikia sauti yake tena tangu siku hiyo. Mizigo michache ikaja, kisha pikapu haikuja.

Yaliyofuata unayajua nusu. Ulikwenda saiba na baba yako, mkalipia kompyuta, mkaandika barua pepe ambazo hazikujibiwa. Mkapata nambari ya yule rafiki aliyekuwa akiishi naye, lakini aliyeshika simu ni mimi, na nyinyi mlisikia nilichochagua kuwaambia. Nilisema Kamau amehama na rafiki hajui alikokwenda. Hilo ni kweli. Lakini yule kijana alisema zaidi. Alisema Kamau alikuwa ameacha chuo zamani, kazi nayo ikaisha, akawa analala kwenye kochi lake. Alikuwa anakosa nauli ya basi, lakini oda ya Uthiru hakuikosa. Wenzake wa nyumba ile wakimwambia atueleze ukweli, anajibu, "Mzigo ukikosa, mama atajua siko sawa."

Na siku ile ya simu, alimwomba rafiki yake atoke chumbani ili azungumze na mama yake. Alitaka kuniuliza kama anaweza kurudi nyumbani. Alipotoka akamwambia rafiki yake, "Mama anataka mchele mwingine." Baada ya wiki chache alichukua begi lake akaondoka asubuhi wenzake wakiwa kazini.

Ndiyo hayo. Alinitumia alichokuwa nacho chote, na nilichomrudishia ni lawama ya mchele.

Unajua baba yako alikuwa anamwita Kamau "Baba", kwa sababu amebeba jina la babu yenu, kama wewe anavyokuita "Maitu", yaani mama, kwa ajili ya mama yake. Siku hizi hakuna anayemwita Baba. Watu wakitaja jina hilo kanisani anainua kichwa, kisha anakiinamisha. Kesho atabaki bila mama pia. Sikuandikii hivi ili usiende. Nenda. Umeisomea kazi hii kwa bidii, na kuna wagonjwa ambao watafurahi kuamka na kukukuta wewe. Ninakuandikia kwa sababu naogopa, na woga wangu hauna heshima, unataka kuingia katika sanduku lako.

Siichukii ile kampuni. Walifanya kazi yao vizuri, Baba Achieng alikuwa mtu mwema, na goti langu lingekushukuru. Kuna akina mama wanaoletewa vitu hivyo na watoto wao bado wanapiga simu, bado wanagombana nao, bado wanakuja Desemba wakilala mpaka saa nne. Mimi ndiye nisiyejiamini. Najua jinsi katoni ikishawekwa mezani moyo wangu unavyotulia upesi. Nikipokea unga wako nitalala usingizi, na wewe huko labda utakuwa hulali.

Leo asubuhi nilikuambia naenda kuonana na wanawake wa kanisa. Nilikudanganya. Nilikwenda Westlands, kwenye ofisi ya kampuni ile, ghorofa ya pili, ngazi nyingi. Nilikuta msichana wa umri wako mbele ya kompyuta. Nikamwambia nataka jina langu litolewe, ili mtu yeyote akiniagizia kitu wakatae.

Akanitazama vizuri. "Mama, watu wanakuja hapa kugombana mbona mzigo haujafika. Wewe unataka usifike?"

Nikasema ndiyo. Akaandika, akatafuta. "Uthiru, Mama Kamau, geti la buluu?" Moyo wangu ulishtuka kusikia geti letu kinywani mwa mtu nisiyemjua. Nikasema ndilo. Akasema ni sawa, anaweza kulifuta, kisha akasita, akageuza kioo cha kompyuta kidogo upande wangu ingawa bila miwani sikuona chochote.

"Lakini mama, kuna mtu alikuwa anatuma hapa. Kamau. Nikifuta, hata yeye akiagiza itakataa. Hii kompyuta haijui nani ni nani, inajua tu geti. Nifute?"

Nyuma yangu palikuwa na mwanamume mwenye haraka, anapigapiga funguo zake mkononi. Yule msichana alikuwa ameweka kidole tayari. Nilikuwa nimepanda ngazi zote zile kwa ajili ya neno moja, na neno likakataa kutoka. Niliwaza, je, kama mahali fulani amepata kazi. Je, kama mwisho wa mwezi huu anaketi mbele ya kompyuta, anaandika jina langu, anaambiwa mtu huyu hayupo.

"Ngoja," nikamwambia. Akangoja. Yule mwanamume naye akaacha kupiga funguo. Mwishowe nikasema, "Acha tu."

"Nimeacha, mama. Iko."

Nilishuka ngazi nikishika ukuta, nikakaa kwenye kibaraza cha benki mpaka goti likapoa. Niliona aibu, lakini pia, sijui nikuambieje, nilihisi kama nimemwachia mtu taa. Sijakata tamaa juu ya kaka yako. Akituma hata kibiriti nitakipokea kwa mikono miwili, kisha nitamshika yule dereva shati mpaka aniambie oda imetoka mji gani.

Kwa hiyo njia ile iko wazi, Nyambura, na nimeshindwa kuifunga kwa mkono wangu. Nimeiacha kwa ajili yake. Wewe nakuomba usipite hapo. Nipigie simu. Kadi ikikatika, acha ikatike, ununue nyingine au usinunue, lakini usiniletee kitu mahali pa sauti yako. Kama huna la kusema, piga tukae kimya, nitakusikiliza ukipumua. Kama kazi itakuwa imekushinda, au watu wamekutesa, au umefanya jambo unaloona huwezi kumwambia mama, hilo ndilo ninalolitaka kuliko yote. Na kama itabidi urudi, rudi bila sanduku wala zawadi. Watu wa hapa watatazama mikono yako kwanza, ni desturi yetu, wala sitawabadilisha. Mimi nitakuwa nimekushika mikono hiyo kabla hawajaiona.

Lakini hata mimi najijua. Nimekuwa mama wa vitu kwa miaka mingi, na tabia haiishi kwa sababu mtu amelia. Utapiga simu una jambo moyoni, nami nitaanza habari za wapangaji na bomba la maji na bei ya mafuta, nitazungumza mpaka jambo lako lirudi ndani. Ikitokea hivyo, nikatize. Sema, "Mami, nyamaza kidogo, nataka kukuambia kitu." Najua hujawahi kunitamkia neno kama hilo, na ungelitamka zamani ungekiona cha moto. Sasa nakupa ruhusa, na nimeiandika ili hata mimi nisiweze kuikana.

Najua pia ulimi wako utakuwa mzito, kwa sababu tulikufunza adabu vizuri, labda kupita kiasi. Kwa hiyo usingoje mpaka siku utakayokuwa na shida. Kesho kwenye uwanja wa ndege, kabla hujaingia pale ambapo sisi haturuhusiwi kuingia, nitakuwa naongea. Nitakuwa naongea sana, nitakuwa nakuuliza kama umebeba hiki na kile. Baba yako na shangazi yako watakuwepo, usiwajali. Niambie ninyamaze.

Nitanyamaza.

Mama yako